Chuma kimoja, kazi mbili: miaka 13 na Ceska kati ya Kitale na Bungoma

Nyuma ya daftari langu la mahindi, mahali ambapo wafanyabiashara wengi huandika madeni, mna kurasa saba zisizohusu mahindi. Zina tarehe, idadi ya risasi, mahali zilipopigiwa, na chochote kilichokwama au kubadilishwa. Ni hesabu ya bastola moja, CZ 75 B ya milimita 9, niliyopewa cheti chake mwaka 2011, nilipokuwa nikizunguka Kitale, Kimilili na Chwele nikiwalipa wakulima kwa noti mkononi. Tangu hapo imekaa kiunoni mwangu kwenye barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, na mara chache kwa mwaka imesafiri nami hadi uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, kwa mashindano.

Wenzangu huniuliza kama bastola moja inaweza kubeba kazi zote mbili, ulinzi na mashindano. Wanastahili jibu lenye hesabu. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: mkono ufundishwe njia moja tu, ile ile ya barabarani na ile ile ya uwanjani. Nilichelewa kulijua sharti hilo, na kurasa zangu za mwanzo zinaonyesha gharama yake.

Droo ndani ya kabati

Hapa Kenya neno "Ceska" limeenea kiasi kwamba msomaji wa magazeti hukutana na "bastola aina ya Ceska" karibu katika kila habari ya polisi. Neno lenyewe, Česká, maana yake ni "ya Kicheki". Ni neno la kwanza katika jina la kiwanda, Česká zbrojovka, kilichoko mji wa Uherský Brod. CZ 75 ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na mwaka wa kutokea kwake ndio uliomo ndani ya jina.

Ubunifu wao unaonekana ukiifungua na kuiweka mezani. Katika bastola nyingi, slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, hukumbatia fremu kutoka nje. Ndugu Koucký waliiingiza ndani: slaidi hutembea katikati ya reli za fremu kama droo inavyoteleza ndani ya kabati. Kwa hiyo mtutu hukaa chini, karibu na mkono. Risasi inapotoka, teke lake huja moja kwa moja kwenye kiganja badala ya kuinua mdomo wa bastola juu, na kilengeo hurudi mahali pake upesi. Mshindani hawezi kuomba zaidi.

Kila ubunifu una bei yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya slaidi imefichwa ndani ya fremu, kinachobaki nje cha kushika ni chembamba. Asubuhi ya mvua, vidole vikiwa na maji, kuivuta nyuma ni kazi. Tangu nilipoteleza mara mbili uwanjani mbele ya msimamizi, hufuta mikono kwanza kwa kitambaa kikavu ambacho hakikosi mfukoni.

Kisha kuna uzito. Fremu ni ya chuma, na bastola tupu ina kilo moja hivi. Magazini hubeba risasi 16, kila moja karibu gramu 12. Jumla unavaa kilo moja na gramu 200, zaidi kidogo ya nusu gorogoro ya mahindi. Bastola ya fremu ya plastiki kama Glock 19 ina takriban gramu 600 ikiwa tupu. Tofauti hiyo huisikii dukani. Utaisikia saa kumi jioni, ukiwa umepakia magunia tangu alfajiri na kiuno kimeanza kulalamika. Lakini uwanjani uzito huo huo hutuliza mkono, na teke la milimita 9 linakuwa kama kusukumwa na mtoto. Mwaka wa kwanza nililaumu uzito, nikataka kuiuza. Tatizo lilikuwa mkanda. Nilivaa mkanda wa kawaida wa suruali, uliopinda na kuning'iniza bastola upande mmoja. Nilimwendea fundi viatu mjini Kitale, akanishonea mkanda wa ngozi mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo. Bastola ikakaa, na wazo la kuiuza likaisha.

Cheti, na kumbukumbu ya mlima

Kabla ya ufundi kuna sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kumiliki bastola bila cheti, na cheti hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuwa nayo kwa wakati mmoja. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alipoagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na kupewa vyeti vya kielektroniki, nilipanga foleni kama wengine. Wapo walionung'unika. Mimi sikunung'unika, na sababu iko magharibi ya nyumba yangu.

Katika Kaunti ya Bungoma bunduki haitajwi kwa wepesi. Kati ya 2006 na 2008, wapiganaji wa kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) walitawala vijiji vya Mlima Elgon kwa mtutu, na Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha majeraha yake. Nimenunua mahindi kwa wajane wa miaka ile. Anayevaa bastola mbele ya watu walioyaona hayo hana haki ya kukataa kuulizwa. Ndiyo maana yangu haionekani. Shati huwa nje ya suruali, na ninapoketi na mkulima kujadiliana bei, hukaa upande ambao kiuno changu hakimwelekei mtu.

Nyundo: palipokuwa na kosa langu kubwa

Sasa kiini cha uchambuzi huu. CZ 75 B inaweza kubebwa tayari kwa njia mbili. Ya kwanza: risasi iko chemba, nyundo imevutwa nyuma, na kifuli cha usalama kimepandishwa. Hapo ukishusha kifuli, triga ni nyepesi na fupi tangu risasi ya kwanza. Ya pili: risasi iko chemba, nyundo imelala mbele. Hapo risasi ya kwanza hutoka kwa triga ndefu na nzito, kwa sababu kidole kinafanya kazi mbili, kuinua nyundo na kuiangusha. Kuanzia risasi ya pili nyundo imeshasukumwa nyuma na slaidi, na triga inakuwa nyepesi.

Kwa miaka miwili nilitumia zote mbili. Barabarani niliivaa na kifuli juu, kwa sababu nilipenda triga nyepesi. Uwanjani sikuwa na hiari. Mashindano ya IPSC, mchezo ulioanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, yana daraja liitwalo Production, la bastola za kawaida zisizofanyiwa marekebisho makubwa, na kanuni yake inataka nyundo iwe imelala mshindani anapoanza.

Siku moja Kirigiti, mlio wa kuanza ulipolia, nilichomoa bastola na kidole gumba kikaenda kutafuta kifuli cha kushusha. Kilikuwa chini tayari. Gumba likapapasa chuma, mkono ukalegea, risasi ya kwanza ikapiga chini kushoto nje ya eneo la alama kubwa. Nilipomaliza, mwalimu mzee aliyekuwa akinitazama alinivuta kando.

"Kijana, wewe una bastola ngapi?"

"Moja, Mwalimu."

"Hapana. Mkono wako unasema ni mbili. Chagua moja."

Nilichagua nyundo iliyolala, kila siku, kila mahali. Triga ile ndefu niliyoiona kama mzigo uwanjani ndiyo nafuu ninayoitaka barabarani: si rahisi ivutwe kwa bahati mbaya na kidole kilichoshtuka. Herufi B katika jina la bastola hii inasimamia kizuizi cha pini: pini inayopiga risasi imefungwa ndani hadi triga ivutwe hadi mwisho. Bastola ikianguka, pini haiwezi kuruka mbele yenyewe.

Kuna hatari moja lazima niiseme wazi. Aina hii haina kitufe cha kushusha nyundo. Unaishikilia kwa gumba, unavuta triga, na kuiteremsha polepole. Gumba likiteleza, risasi inatoka. Uwanjani jambo hilo hufanywa mtutu ukielekea tuta la udongo, msimamizi akiwa kando yako. Nyumbani nina debe lililojaa mchanga, na mtutu huelekea humo, redio imezimwa na watoto wako nje. Hufanya hivyo mara moja kwa siku na si zaidi, kwa sababu kila unapoigusa unaongeza nafasi ya kukosea.

Kutu ya Kitale, vumbi la mahindi

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake huanza Machi na kuendelea hadi mavuno yanapokaribia. Bungoma iko chini zaidi na ina joto. Ukishuka kutoka Kamukuywa kuelekea Webuye, jasho linakuanza garini. Kwa hiyo bastola yangu hupitia unyevu asubuhi na chumvi ya jasho mchana.

Julai ya mwaka wa pili niliiacha ndani ya mfuko wake wa ngozi usiku tatu mfululizo, ndani ya sanduku la chuma. Nilipoitoa na kuiweka mezani jikoni, ubavu uliokuwa ukigusa mwili ulikuwa na madoa ya rangi ya matofali, madogo kama mbegu za wimbi, yamejipanga kufuata mshono wa mfuko. Ngozi hunyonya jasho na kulitunza, na nilikuwa nimeifunga bastola pamoja nalo gizani. Mama watoto alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Baba watoto, mahindi unayapima unyevu kila siku, na hiyo je?"

Alikuwa amegusa penyewe. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, kwa sababu yakiwa majimaji yanaota ukungu wenye sumu. Nilikuwa nikiheshimu kipimo hicho kwa magunia ya watu na kukidharau kwa chuma kilichobeba maisha ya watu. Tangu jioni ile mfuko wa ngozi hulala nje ya sanduku. Bastola hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, na mwezi wa mvua hufunguliwa mara moja kwa wiki hata kama haijapigwa. Madoa yale niliyasugua yakatoka, lakini vishimo vyake vingali hapo, na ukipitisha ukucha unavisikia.

Vumbi ni adui wa msimu mwingine. Kuanzia Oktoba mashine za kupukuchua hufanya kazi mchana kutwa, na makapi laini huingia kila mahali: puani, kwenye saa, kwenye injini. Kwenye bastola huingia hasa ndani ya magazini, ambako hakuna anayetazama. Desemba moja nilienda mazoezini na magazini niliyokuwa nimeivaa msimu mzima wa mavuno bila kuifungua. Risasi ya saba ilipanda nusu, ikakwama. Nilipoifungua, springi ilikuwa imevaa koti la vumbi lililochanganyika na mafuta, zito kama uji wa jana. Bastola haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na lingenipata barabarani badala ya uwanjani.

Tangu hapo nina magazini tatu zenye namba zilizochorwa chini. Moja huvaliwa, mbili hutumika kwa mazoezi, na kila mwezi hubadilishana zamu baada ya kufunguliwa na kupanguswa. Ndani ya magazini sitii mafuta kabisa, kwa sababu mafuta ndiyo gundi ya vumbi.

Vitu vinavyochoka

Chuma kikubwa cha bastola hii huishi kuliko mwenyewe, lakini vipuri vidogo havidumu hivyo. Springi kuu ya kurudisha slaidi hulegea polepole bila kutoa ilani. Mimi huibadilisha kila baada ya risasi 3,000, na daftari ndilo linalonikumbusha. Mara ya kwanza nilichelewa hadi 3,400, na maganda yalikuwa yameanza kurushwa mbali kuliko kawaida, ishara kwamba slaidi inarudi kwa kishindo. Springi ndogo ya triga na pini ya kuzuia slaidi ni vipuri ambavyo kila mshindani wa bastola hii hubeba mfukoni, kama dereva wa lori anavyobeba mkanda wa feni.

Kuna kipande kingine kinachoonyesha jinsi kazi mbili zinavyovutana. Ndani ya mpini mna kibati kilichopinda, kinachoishika magazini isidondoke unapobonyeza kitufe. Uwanjani kibati hicho huchelewesha, kwa sababu unataka magazini tupu ianguke yenyewe huku mkono wa kushoto ukileta mpya. Wengi hukinyoosha. Mimi nimekiacha. Ninavyoingia na kutoka garini mara ishirini kwa siku, kitufe kinaweza kubonyezwa na mkanda wa kiti, na sitaki magazini yenye risasi iachwe kwenye kiti cha abiria. Napoteza karibu nusu sekunde katika kila badilisho, na nimekubali.

Hesabu ya uwanja na somo lake

IPSC hupima kwa kugawanya alama kwa muda. Katika daraja la Production, eneo la kati hutoa alama 5, linalofuata 3, la pembeni 1. Tuseme hatua ina risasi 12, yaani alama 60 kwa jumla. Ukipata 60 kwa sekunde 12, kipimo chako ni 5. Mwenzako akipata 54 kwa sekunde 9, kipimo chake ni 6, naye amekushinda. Ndivyo mchezo unavyofundisha kasi, na kaulimbiu yake ya Kilatini huweka usahihi, nguvu na kasi pamoja.

Mtu akiibeba hesabu hiyo nzima nzima hadi soko la Chwele, amepotea. Uwanjani risasi ya pembeni ni alama 1. Sokoni risasi ya pembeni ina mama wa mtu nyuma yake. Kwa hiyo katika mashindano mimi hufuata zaidi sehemu mbili ambazo watazamaji hawazishangilii. Ya kwanza ni vile vibao vyeupe vinavyosimama kati ya shabaha kama watu wasio na hatia: ukipiga kimoja, unakatwa alama 10. Ya pili ni kanuni ya kufukuzwa. Mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka kwenye tuta, au kidole kikiwa ndani ya kikingio cha triga huku unakimbia au unabadilisha magazini, mashindano yote yameisha kwako, hata kama ulikuwa ukiongoza. Hakuna rufaa ya "lakini nilipiga vizuri". Miaka yote hii sijawahi kushinda daraja langu. Sijawahi pia kufukuzwa, na hilo la pili ndilo ninaloliandika kwa kalamu nyekundu.

Mazoezi mengi hayahitaji risasi. Ingawa Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale, kuna Kenya Ordnance Factories, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1997 linalotengeneza risasi zikiwemo za milimita 9, cheti kina kikomo, mfuko una kikomo, na uwanja wa mashindano uko safari ya siku nzima. Kwa hiyo usiku nne kwa wiki, risasi za kweli zikiwa zimefungiwa chumba kingine, hutia risasi bandia na kuweka sarafu ya shilingi moja juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele. Kisha huvuta ile triga ndefu polepole hadi nyundo ianguke. Sarafu ikidondoka, nimeyumba. Dakika kumi tu. Mwaka nilioanza zoezi hilo, risasi yangu ya kwanza iliacha kwenda chini kushoto.

Jibu kwa anayeuliza

Je, ningeinunua tena? Kwa mashindano, ndiyo bila kusita. Kwa kubebwa, ningemwambia mwenye kiuno chembamba na kazi ya kuketi ofisini atafute nyepesi zaidi, mradi aitumie hiyo hiyo uwanjani. Bastola mbili zenye triga tofauti ni mikono miwili inayobishana, na ubishi huo hauna nafasi siku ya dharura.

Na ningemuuliza kwanza kama anaihitaji. Mwaka 2011 bado niliwalipa wakulima wengi kwa noti zilizofungwa raba, ingawa M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007. Leo karibu kila gunia hulipwa kwa simu, na wiki nyingine bastola hulala kwenye sanduku lake siku tano kati ya saba. Silioni hilo kama hasara. Ni mojawapo ya mambo mema yaliyotokea kwenye barabara hii.

Jumapili iliyopita nilifunga hesabu ya mwaka, mahindi kwanza, kisha zile kurasa za nyuma. Jumla imefika risasi 8,640 tangu siku ya kwanza. Nilipitisha kidole kwenye safu ya "mahali", mstari kwa mstari, hadi mwisho. Kila moja ina jina la uwanja kando yake, na zote 8,640 zimelala kwenye udongo wa tuta.